Siku Ishirini na Moja za Gauni la Leka

Siku ya tatu baada ya kumzika Leka, magauni yake yalianza kumfuata.

La kwanza kuondoka lilikuwa lile la bluu la kwendea chuoni. Mama yake, Skolastika Mkude, alifungua kabati asubuhi akakuta kitundikio kinaning'inia kitupu, na chini yake kijilima cha unga wa kijivu, kiasi cha kujaza kikombe kimoja cha kahawa. Hakushangaa. Angeshangaaje, na unga huo aliubuni yeye mwenyewe? Siku nyingine zote unga kama huo hufagiwa ukatupwa bustanini, na mchicha wa Morogoro nzima ulikuwa unanenepa kwa nguo za watu. Huu hakuthubutu kuutoa nje. Alifunga kabati taratibu, kama mtu anayemfungia mlango mgonjwa aliyelala.

Siku ya nne yaliondoka mawili na sketi moja. Ya tano ikaondoka blauzi yenye vifungo vya maua, ya sita koti la mvua. Likabaki gauni moja tu la njano, rangi ya ndizi iliyoiva sawasawa, ambalo Leka alilinunua kwa ajili ya kipaimara cha binamu yake na kulivaa mara mbili kabla ya ile homa ya siku tatu. Siku alipozikwa, gauni lilikuwa na siku tisa. Skolastika hakuhitaji karatasi kujua limebakiza ngapi.

Bi. Kabula alikuja siku hiyo ya sita kuulizia nguo. Alikuwa Mnyamwezi, jirani wa miaka na miaka na mtani wa Waluguru wa ukoo wa kina Mkude, mama mwenye mwili na kauli za kukera ambazo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuzikasirikia. Kazi yake katika msiba ilijulikana. Wenzake wakilia yeye huchekesha, na siku ya arobaini ndipo anapofika kileleni: huvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akawagombeza wafiwa kwa sauti ya marehemu mpaka wacheke na machozi yawatoke. Akimaliza huzivua, ndugu wanagawana, na matanga yanaanuliwa. Bila hivyo msiba haujaisha. Watu wametawanyika tu.

Kwa miaka miwili Bi. Kabula hakuwa amepata msiba wa nyumba hii, na misiba ya kwingine walikuwa wakimwonyesha video ya marehemu ukutani badala ya nguo, wakidhani inatosha. Aliwaambia waziwazi kwamba video ni picha, na yeye anataka nguo yenye jasho la mtu. Kwa Leka alikuwa na hamu ya pekee, maana yule binti alikuwa na mwendo wa kutupa mguu wa kushoto nje kidogo, na tabia ya kuvuta mkono wa gauni akitaka kusema uongo.

Skolastika alimfungulia kabati. Bi. Kabula akatazama vile vilima vya unga, kila kimoja chini ya kitundikio chake, halafu akatazama gauni la njano.

"Hili lina siku ngapi zimebaki?"

"Sita."

Bi. Kabula hakutania. Alikaa kitandani kwa Leka akaanza kuhesabu vidole hadi arobaini, akaishia katikati.

*

Kampuni ya nguo iitwayo Leo ilianzia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya stendi. Mwenye kibanda alikuwa Gaudensi Kobelo, muuza mitumba aliyechoka kuuza mitumba, na mfanyakazi wake wa kwanza mwenye shahada alikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Ujane wa Skolastika ulitokana na nguo. Wakati huo marobota yalikuwa yakiingia nchini kwa maelfu, nusu yake matambara, na yasiyouzika yalirundikwa kando ya mto mpaka yakawa mlima wenye jina lake na njia zake za kupandia. Mvua za masika zilipoulowesha, mlima uliporomoka na kuwafunika watu kumi na tisa waliokuwa wakichambua chini. Benigni, mumewe, alitolewa siku ya nne, amevikwa mashati ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Baada ya hapo mlima ukashika moto wa chini kwa chini ukawaka wiki sita, na Leka, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa, alikohoa moshi ule mwaka mzima.

Ndipo Skolastika akaapa kutengeneza nguo inayojua kufa.

Alifaulu, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Uzi wake haukulimwa wala haukuchimbwa. Ulichachushwa kwenye mapipa kama pombe, na ndani ya kila uzi alilaza kijidudu kisichoonekana, chenye saa yake. Saa ikifika, kijidudu huamka, huula uzi wote kwa muda wa saa tatu au nne, kisha hufa. Hakuna moshi, hakuna mlima, hakuna mtoto wa kukohoa. Serikali ilipopiga marufuku nguo za zamani, nchi jirani zikaiga, na kibanda cha Kobelo kikageuka kiwanda.

Nguo za kwanza ziliishi siku tisini. Watu waliona ni nyingi za kutosha, wakamsifu. Leo ikafungua maduka miji saba, kisha nchi thelathini, na kila asubuhi mitindo mipya ilishushwa dukani kabla maandazi hayajapoa. Washindani wa ng'ambo wakaja na nguo za siku sitini. Leo ikateremka hadi arobaini na tano, ikafungua Lagos, Lima na Warsaw. Kila walipopunguza siku, watu walinunua zaidi, na kila waliponunua zaidi, Kobelo aliamini zaidi kwamba Mungu yuko upande wake.

Kikao cha kuteremka hadi ishirini na moja kilifanyika miaka mitatu kabla ya kifo cha Leka. Mezani walikuwa watu kumi na mmoja, saba kati yao wazaliwa wa Morogoro, waliolelewa kwenye matanga, waliokula ubwabwa wa arobaini tangu hawajaota meno. Mtaalamu mgeni aliuliza kama kuna sababu yoyote ya kimila inayoweza kuleta shida. Wakatazamana. Mmoja akataja sare za shule, wakalijadili hilo kwa saa nzima. Hakuna aliyehesabu arobaini. Skolastika, Msimamizi wa Umri wa nguo zote za Leo, alisaini kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kitumbua.

*

Kulikuwa na dawa ya kusimamisha saa. Maabara waliiita dawa ya kulaza. Matone machache kwenye beseni la maji, nguo inalowekwa, na vijidudu vyote vinalala usingizi usio na mwisho. Shida yake ni kwamba usingizi ule uliambukiza. Nguo iliyolazwa ikigusana na nyingine kwenye kamba, kwenye tenga, begani kwa mtu anayekumbatiwa, huipa usingizi wake. Walijaribu mara moja tu, kwa shati moja katika kata moja ya mji. Baada ya miezi mitano walihesabu nguo elfu nne ambazo hazikufa. Ilibidi zikusanywe nyumba kwa nyumba na kuchomwa, na Skolastika aliposimama kwenye moshi ule alisikia harufu aliyoifahamu.

Kwa hiyo ikabaki chupa moja kwenye jokofu la maabara, ya majaribio, na saini mbili ndizo zilizoweza kuitoa: yake na ya Kobelo.

Waliokuja kuiomba hawakuwa wachache. Walioandika barua aliwajibu kwa barua, yenye maneno laini aliyoyaandika mwenyewe. Lakini mmoja alikuja kwa miguu yake getini kutoka Kilosa. Alijitambulisha kama Mama Yusta, na mfukoni alikuwa na kisweta cha marehemu mwanawe wa miezi minne, kilichobakiza siku mbili. Skolastika alimkaribisha ofisini, akampa maji, akamweleza habari ya mlima, ya Benigni, ya nguo elfu nne. Mama Yusta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hataki kukitumia, anataka kukiona tu, atakifungia ndani ya chupa ya kioo na wala hatakigusa.

"Utafungua tu, mama," Skolastika alimwambia kwa upole. "Siku moja utafungua."

Yule mama hakubisha. Alikunja kisweta, akashukuru kwa maji, akaondoka. Skolastika aliumia kwa siku mbili hivi, na baada ya hapo aliendelea na kazi.

*

Siku ya kumi baada ya maziko alirudi kazini, wenzake wakadhani amejikaza kisabuni. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Kobelo. Mzee alikuwa amekonda, na shati lake jipya lilimpwaya. Alimwonyesha kiti, lakini Skolastika alibaki amesimama akisema maneno aliyoyapanga njiani, kwamba ni gauni moja, kwamba atalifungia ndani ya kioo, kwamba yeye ndiye anayejua hatari yake kuliko mtu yeyote duniani na kwa hiyo ndiye wa kuaminiwa.

Alikuwa bado anaeleza wakati Kobelo alipochukua kalamu akasaini.

"Chukua, Skola," alisema. "Mtoto yule alikulia kwenye marobota yangu. Nani atauliza?"

Skolastika alitarajia hoja, apate cha kushindana nacho. Sasa alitoka na chupa ndogo kwenye pochi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumzuia ila yeye mwenyewe.

Akaiweka kwenye jokofu nyumbani, nyuma ya maziwa. Siku ya kumi na moja aliimaliza akitafuta chombo. Alipata bakuli kubwa la kioo lenye kifuniko cha kubana, la kuhifadhia achali, akalichemsha majini mara mbili kama anaandaa chombo cha upasuaji.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili gauni la njano lilitimiza ishirini na moja. Saa yake ilikuwa imewekwa saa sita mchana, maana Leka alilinunua mchana. Bi. Kabula alikuja saa nne akakaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba, akatazama beseni, chupa na bakuli vilivyopangwa sakafuni. Skolastika alimweleza yote, la mama wa Kilosa pia, bila kujipendelea.

"Mtani wangu," Bi. Kabula alisema, "hebu litie dawa. Utakuwa na dhambi moja. Wazungu na Wachina wana ngapi?"

"Arobaini utalivaa?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Basi litakugusa. Na wewe utamkumbatia mjukuu wako."

"Sitalivaa. Nitalitazama kwenye kioo chako, nitamwiga hivyohivyo. Bora nilione."

Skolastika alilitoa gauni kwenye kitundikio. Alikuwa hajaligusa tangu msiba, kwa kuogopa kulimaliza. Kwenye kwapa la kushoto kulikuwa na alama ndogo ya jasho. Kwenye pindo, doa la mchuzi wa kipaimara. Alilishika hewani juu ya beseni, akajiona kesho yake amekaa mbele ya bakuli la achali. Akajiona keshokutwa. Akaona mikono yake mwenyewe inazungusha kifuniko, kidogo tu, kwa ajili ya harufu, halafu uso wake umezama ndani ya kitambaa, halafu anatoka na uso huohuo kwenda kuwasalimu watu kanisani. Hakulazimika kubuni kitu. Aliona kwa uhakika kama mtu anayekumbuka jana.

"Nitafungua," alisema.

"Nani amesema?"

"Mimi. Nilimwambia mama wa watu kwamba atafungua, na sikuwa najua ninachosema. Sasa najua. Sitafikisha wiki."

Bi. Kabula alimwambia kwamba huyo mama amekwisha kupoteza cha kwake, na Skolastika akipoteza cha kwake hakitarudi cha Kilosa. Ilikuwa kweli. Skolastika hakujidanganya kwamba anatenda jambo kubwa. Alikuwa na mlima tu kichwani, na moshi, na kifua cha mtoto kinachokoroma. Alichukua chupa akaimimina yote chooni, akamwaga na dawa ya kuulia wadudu juu yake, akarudi akaketi kitandani na gauni mapajani.

Walikaa hivyo wawili. Ilipofika saa sita pindo lililegea kwanza, lile lenye doa. Rangi ikafifia kutoka njano hadi rangi ya uji, na nyuzi zikaanza kuachiana bila sauti. Skolastika aliinamisha uso akavuta pumzi, akavuta tena. Saa saba harufu ya Leka ilikuwa bado ipo. Saa saba na nusu haikuwepo, ilikuwa harufu ya hamira. Kufikia saa tisa alikuwa ameketi na unga mapajani, na Bi. Kabula, mwanamke ambaye hakuwahi kulia kwenye msiba kwa sababu si kazi yake, alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

Siku ya ishirini na moja baada ya maziko Skolastika hakuamka kitandani. Hakumwambia mtu kwa nini. Gauni jeupe alilozikwa nalo Leka lilinunuliwa jipya asubuhi ileile ya maziko, na mama yake alijua saa.

*

Siku ya arobaini walikuja watu wengi kuliko ilivyotarajiwa. Turubai lilifungwa uani, katekista akasali, wali ukapakuliwa. Kobelo alikuwepo, na wasichana wa chuo, na mabinamu. Walipomaliza kula wote waligeukia mlango wa nyumba, kwa mazoea, wakisubiri mtani atoke akiwa Leka.

Bi. Kabula alitoka akiwa Bi. Kabula.

Alisimama katikati ya uwanja, akashika kiuno. "Nyie Waluguru," alisema, "mna akili kupita kiasi. Mmeivalisha dunia nzima. Mmehesabu siku za shule, siku za harusi, siku za kwenda ufukweni. Mmesahau tu kwamba huwa mnakufa."

Watu walicheka, maana mtani amepewa kinywa hicho. Kobelo alicheka akiwa ameinamisha kichwa.

"Sina nguo ya mtoto," Bi. Kabula aliendelea. "Haya, nikopesheni. Sihitaji iwe yake. Nataka tu nguo iliyomgusa. Nani alimkumbatia kwenye kipaimara? Jenista, si ulikuwa umemning'inia shingoni? Lete ulichovaa."

Jenista, binti wa chuo, alisema kwa sauti ndogo kwamba kilishakwisha.

Akamgeukia Tadei, binamu aliyebeba jeneza. Shati lile lilikwisha. Alilovaa lilikuwa na siku mbili. Akamuuliza katekista, siku tano. Kobelo, siku moja. Shangazi wa Mgeta, aliyemwosha, siku kumi na moja. Bi. Kabula alikwenda kiti kwa kiti, hachekeshi tena, anauliza tu, na watu wakawa wanajibu kama watoto darasani. Nne. Tisa. Mbili. Alishika pindo la kanga yake mwenyewe akasema sita. Sasa kila mmoja alikuwa ameelewa. Pale uani palikuwa na watu zaidi ya mia, na hapakuwa na uzi hata mmoja uliowahi kuwa duniani pamoja na Leka.

Mwisho alifika kwa Skolastika, akachuchumaa mbele yake.

"Hospitali," alimwuliza taratibu, "alikufia mapajani pako. Ulikuwa umevaa nini?"

Skolastika alifungua kinywa. Ilikuwa kitenge. Kitenge cha kahawia, na Leka alikuwa amekishika kwa ngumi, na muuguzi ndiye aliyezifungua zile ngumi kidole kimoja kimoja. Alirudi nacho nyumbani akakivua akakitupa kwenye tenga la nguo chafu. Halafu akaenda kusimama mbele ya kabati kulilinda gauni la njano.

Alijaribu kukumbuka siku ambayo kitenge kiliondoka. Alihesabu mbele, akahesabu nyuma, yeye Msimamizi wa Umri. Lazima kulikuwa na asubuhi moja alipokuta unga chini ya tenga, akachukua ufagio, akaufagia pamoja na takataka nyingine za nyumba yenye msiba. Hakuikumbuka asubuhi hiyo.

"Sijui," alisema. "Mtani, nilikifagia. Sijui hata ni lini."

Bi. Kabula aliketi chini mavumbini kando yake. Watu walisubiri mtani aanue matanga ili wapate kuondoka. Jua likashuka nyuma ya turubai, wali uliobaki ukapoa kwenye masufuria, na hakuna aliyeinuka.